Kabla hujamwaga zege la chumba cha kujikinga na upepo, angalia juu

Jamani watu wa Moshi, hasa nyie mlio kwenye kamati za shule huku juu Kibosho na Uru, naomba tuongee. Kila tukikaa kujadili chumba cha kujikinga na dhoruba tunabishana nondo ngapi, zege la aina gani, mlango wa chuma au wa mbao, afu swali la kwamba hicho chumba kinakaa wapi linakuja mwisho kabisa au haliji, fundi anachimba tu palipobaki wazi.

Wenzetu Marekani wanaoishi na tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli, hilo wameliwekea kanuni. Wana standadi inaitwa ICC 500, na shirika lao la maafa, FEMA, lina mwongozo wake, na sehemu kama Oklahoma chumba kinatakiwa kihimili upepo wa maili 250 kwa saa, yani kama kilomita 400. Na hata kikihimili huo upepo bado lazima waangalie jengo la jirani likianguka litalalia wapi, au mnara, au mti mkubwa. Kama chumba kipo hapo basi kijengwe kibebe na huo mzigo, la sivyo kihamishwe. Mwaka 2013 tornado ilipopiga mji wa Moore walikufa watoto 7 shule ya msingi Plaza Towers, shule haikuwa na chumba cha kujikinga, watoto walijibanza humo humo ndani ya jengo na jengo likawaangukia. Mimi hiyo huwa inaniuma sana.

Sisi upepo wa hivyo hatuna, ila kuezuliwa mabati tunakujua. Na paa likishaondoka, ukuta wa tofali unabaki hauna kinachoushika juu, hasa ule wa pembetatu wa ubavuni, huo ndo wa kuuogopa. Sasa kuna shule wamepanga chumba chao kikae katikati ya darasa la zamani na mnara wa tenki, sababu bomba la maji liko karibu, na nyuma yake kuna mgrevea mrefu, na mlango unatazama ukuta wa darasa. Yani ukuta ukidondoka mlango umezibwa na watoto wako ndani. Chumba kitakuwa imara, sikatai, lakini watatokaje?

Mimi nashauri hivi, chukua urefu wa hicho kitu kinachoweza kuanguka, chumba kikae mbali zaidi ya hapo. Mti hauna haja ya kuupanda, chomeka fimbo ya mita 1 wima, pima kivuli chake, muda huo huo pima kivuli cha mti. Fimbo ikitoa nusu mita na mti ukatoa mita 9, basi mti una mita 18. Hiyo ni kwenye tambarare, huku kwetu milimani kivuli kinadanganya kidogo na mti ulio upande wa juu ukianguka unaweza kuteremka na kufika mbali zaidi, kwa hiyo ongeza.

Najua vihamba, yani mashamba yetu ya ukoo, vimegawanywa mpaka vimeisha, nafasi hakuna. Basi kata mti kwa kibali, au mhandisi akokotoe dari la kubeba ukuta ukianguka, na mlango ugeuzwe upande usio na jengo, na pawe na njia ya pili ya kutokea. Usikimbilie kwenda mbali sana pia, mtoto wa chekechea lazima afike kabla upepo haujafika. Na kama unachimba chini ya ardhi angalia maji ya masika yanapita wapi, maana shimo lililo kwenye mkondo litajaa wakati ule ule mnapolihitaji.

Kamba ya kupimia ninayo, ya mita 50. Kamati yoyote inayotaka kupima kabla ya kuchimba iniandikie hapo chini, Jumamosi nakuja.