Barakoa chini ya pua
Leo kwenye basi nimekaa na mzee mmoja anayekohoa, barakoa imemteremka mpaka kidevuni. Nikamwambia taratibu, "Shikamoo mzee, naomba uipandishe kidogo." Akaipandisha, akaubana ule waya wa puani, kisha akasema nyumbani anamuuguza mkewe. Nilikosa la kusema.

Korona ikishaenea mitaani hujui tena nani kamwambukiza nani, na kuna wanaoambukiza wenzao kabla hata hawajahisi homa. Ndiyo maana Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa za kitambaa, tabaka tatu, kwenye misongamano kama hii ya mabasi. Jamani, pua nayo ifunikwe! Nilikuwa na mbili mpya mkobani, nikampa zote ampelekee mama.