Cheti ukutani, mikono imesahau

Cheti changu cha huduma ya kwanza kilining'inia miaka miwili ukutani, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara ninakofanya kazi hapa Mwanza. Mgeni akipita, msimamizi ananinyooshea kidole: "Huyu ndiye mtu wetu." Siku moja nikafuta vumbi kwenye kioo, nikasoma tarehe ya chini. Muda wake ulikuwa umeisha wiki tano nyuma, na hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae huduma ya kwanza kazini. Nikaenda ofisini na hoja hiyo, nikaambiwa nisubiri bajeti mpya. Kusubiri sikutaka, maana mahali penye visu na sakafu yenye utelezi hapasubiri bajeti. Nikamtafuta mkufunzi mwenyewe. Shida ikawa nyingine: haji kwa mtu mmoja, anataka darasa la watu kumi.

Basi nikaanza kuokota watu. Wakata minofu wawili wa zamu yangu, matroni wa shule jirani, dereva wa boda anayenibeba asubuhi, na wapakuaji wa dagaa kutoka mwalo wa Kirumba ambao ndio hasa wanaohitaji. Tukachanga kidogo kidogo kila Jumamosi, kama kikoba, na mimi ndiye niliyeshika daftari. Ilichukua miezi mitatu. Waliochelewa kutoa hela nawajua, ila leo nawasitiri.

Siku ya darasa nilikaa mbele, nikijiona mwenyeji. Mkufunzi, mzee wa Kisukuma mwenye utani mwingi, akaweka sanamu chini, akaniambia, "Dada, huyu katolewa ziwani sasa hivi. Haitiki, hapumui. Anza."

Nikapiga magoti nikaanza kukandamiza kifua. Akanisimamisha kabla sijafika kumi na tano.

"Huyu moyo wake haukuanza kuugua. Kakosa hewa. Mpe hewa kwanza."

Aliyezama anaanziwa na pumzi tano, ndipo unakandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, ukirudia hivyo hivyo. Nilifundishwa yote hayo mwanzo, yakapotea. Hata mikono ilikuwa imelegea: kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke sentimita tano hadi sita, changu kilikuwa kinabonyea kama mandazi. Wapakuaji walicheka, na walikuwa na haki.

Zamu yao ya kuchekwa ikafika. Kijana mmoja akasema kwao aliyezama hulazwa juu ya pipa, akaviringishwa, akaminywa tumbo mpaka maji yatoke. Mkufunzi hakucheka. Akaeleza kwamba ukiminya tumbo unachotoa ni matapishi, yakirudi yanaingia kwenye mapafu, na muda unaopotea kwenye pipa ndio muda ambao ubongo unakufa. Darasa likanyamaza. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyechukuliwa na ziwa. Mimi baba mdogo alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996.

Niliporudi nyumbani na cheti kipya sikukitundika. Nilishaambiwa kwamba ujuzi huu huanza kufifia ndani ya miezi michache tu, na cheti hakikuambii. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nakunja gunia la pumba, nalaza sakafuni, nakandamiza dakika mbili nikihesabu kwa sauti. Simu inanipigia mdundo wa 110 kwa dakika, katikati ya mikandamizo 100 na 120 inayotakiwa. Mara ya kwanza mume wangu alichungulia mlangoni: "Mama Neema, unamkanda nani?" Sasa yeye ndiye anayeshika saa. Dakika mbili ni nyingi kuliko unavyodhani; jasho linatoka.

Siku hiyo hiyo nakagua sanduku la kazini. Glavu hugandana kwa joto, plasta hupoteza gundi, na mkasi huazimwa na watu wa maboksi usirudi. (Mkasi nimeufunga kamba.)

Tarehe ya kuisha cheti nimeiandika kwa maka peni ndani ya kifuniko cha sanduku, na juu yake tarehe nyingine ya miezi minne kabla, ya kuanza kukusanya watu. Daftari la michango limeshafunguliwa tena. Jana mwanamke mmoja anayeanika dagaa Igombe kanipigia kuuliza kama nafasi ipo. Nimemwandika wa saba.