Siku moja ya kazi Iringa: kupunguza kemia ya hewa bila kuiharibu

Saa 12:00 asubuhi. Kihesa kuna baridi ya Agosti, na kabla chai haijachemka nimeshafungua kompyuta kuona kama kazi niliyoiacha jana kwenye foleni ya seva imekwisha. Imekwisha. Naoga, nakunywa chai, natoka.

Saa 1:30. Kituoni namwamkia mama jirani, naye baada ya marahaba ananiuliza, kama kawaida yake, "Mwanangu, mvua mwaka huu zinaanza lini?" Namjibu kwamba mvua ina wataalamu wake, mimi nashughulika na gesi zilizomo hewani na jinsi zinavyogeuzana. Daladala inafika kabla sijamaliza, kwa hiyo nitamalizia hapa.

Saa 2:30, ofisini Miyomboni. Modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoiga tabianchi ya dunia, huigawa angahewa katika visanduku vingi mno, na kemia ikiwekwa kwa ukamilifu, kila kisanduku hukokotolewa mimenyuko yake yote ya kikemikali upya katika kila hatua ya muda. Ugumu si wingi peke yake. Radikali ya haidroksili, chembe ya oksijeni na hidrojeni inayomenyuka upesi sana, huishi takriban sekunde moja, ilhali methani, ambayo huondolewa hewani hasa na radikali hiyo, hudumu kwa takriban miaka tisa, na hesabu inayolazimika kufuata vyote viwili kwa pamoja ndiyo inayokula muda wa kompyuta. Mkusanyiko wa kina wa mimenyuko ya hewani uitwao Master Chemical Mechanism, uliotengenezwa Uingereza, una takriban mimenyuko 17,000. Kazi yangu ni kuteua mia chache itakayotoa ozoni na haidroksili zinazokaribiana na za mkusanyiko mzima, ili hesabu iweze kufanyika hata na mtu asiye na seva kubwa.

Asubuhi yote naishia kwenye isoprini, gesi inayotolewa na majani ya miti mingi, ikiwemo mikaratusi iliyojaa Mufindi. Duniani miti hutoa takriban tani milioni 500 za isoprini kwa mwaka, na kila molekuli yake ikianza kuvunjika huzaa ukoo mrefu wa kemikali nyingine. Wawili katika ukoo huo, methakrolini na methili-vinili-ketoni, mchana huliwa na haidroksili kwa kasi zinazokaribiana, na ndiyo maana baadhi ya modeli huwaunganisha na kuwahesabu kama kitu kimoja. Kwenye karatasi ni akiba nzuri. Hata hivyo, palipo na oksidi za nitrojeni, gesi zitokazo kwenye moshi, methakrolini huzaa ndugu wa PAN (kemikali inayozifunga oksidi hizo ndani yake), na mwenzake hazai. PAN na jamaa zake huzibeba oksidi za nitrojeni kutoka kwenye moshi, huzihifadhi katika baridi ya juu, kisha huziachia mbali hewa inapopata joto, nazo huchangia kuunda ozoni huko. Katika msimu huu wa kuchoma mashamba na nyika, kuanzia huku kwetu hadi Zambia na Angola, sioni haki ya kuwaunganisha hao wawili kabla ya kupima.

Saa 6 na dakika chache simu inalia. Ni kaka kutoka ofisi iliyotuagiza kazi ya moshi, na mazungumzo yetu yanakula muda wangu wote wa chakula. "Dada yangu, si uondoe tu vile vilivyo kidogo hewani, ubaki na vikubwa?" Namweleza kwamba haidroksili yenyewe ni chini ya sehemu moja katika trilioni ya hewa, na ukiiondoa kwa kuwa ni kidogo, methani itajilimbikiza kana kwamba hakuna kinachoisafisha. Ananyamaza, kisha anasema kuna orodha fupi ya mimenyuko iliyokwisha kutumika kwingine, kwa nini nisiichukue ilivyo. Hapo ndipo ninapochoka. Orodha nyingi za zamani zilitungwa kwa ajili ya moshi wa miji yenye magari mengi, na katika miaka ya 2000 vipimo vilivyofanywa juu ya msitu wa Amazon vilionyesha haidroksili nyingi kuliko zilivyotabiri modeli za wakati huo, kwa sababu kemia ya isoprini kwenye hewa safi ilikuwa haijaeleweka vizuri. Nyanda zetu zina msitu, na zina moto. Orodha ya mjini haitoshi. Ananiuliza tena itakuwa tayari lini. Namwambia Ijumaa, kwa sauti ya adabu ambayo imenigharimu.

Wali maharage umeshapoa. Nakula hivyo hivyo.

Alasiri sikumbuki tena saa. Umeme unakatika, unarudi, unakatika; nasubiri huku nikichora kwa kalamu njia za nitrojeni, nikihakikisha kwamba kila atomi inayoingia kwenye orodha fupi inaonekana mahali fulani inapotoka. Macho yanauma. Kazi hii haionekani, kwa kuwa ikifanywa vizuri matokeo yanabaki karibu yaleyale, na hakuna anayesifu mstari uliofutwa kwa sababu nzuri. Mimi najivunia kila mmoja wao.

Jioni umeme unatulia. Natuma majaribio mawili kwenye foleni: moja limeunganisha methakrolini na mwenzake, jingine limewatenganisha, yote kwa hewa ya moshi, mchana na usiku. Tofauti ya PAN ikizidi kiwango nilichojiwekea, watabaki wawili, na muda wa kompyuta nitautafuta kwingine.