Theluji Nyuma ya Kidirisha cha Yakuti

Juzi binti yangu alisimama mbele ya mtungi wa kabonidayoksaidi wa kuzimia moto, akasoma kwa sauti kila neno lililoandikwa juu yake, kisha akageuka na kuniuliza: "Mama, hii gesi inaweza kuyeyusha kitu?" Nilimjibu kwamba inaweza. Nilitaka kuendelea, lakini mawazo yalikuwa yamekwisha kunirudisha maabarani, kwenye kidirisha kile cha yakuti samawi katika chombo cha majaribio, chenye upana wa sarafu, ambacho nilikichungulia hadi macho yakauma.

Nilikuwa napima umumunyifu wa kafeini katika kabonidayoksaidi, yaani kiasi chake kinachoweza kuyeyuka ndani ya gesi hiyo. Mwanakemia Kurt Zosel, aliyefanya kazi Mülheim nchini Ujerumani, alikwisha kuonyesha kwamba gesi hiyo huweza kuitoa kafeini ndani ya buni, mradi buni ziwe zimeloweshwa kwanza. Mwalimu wangu alitaka tuijue kafeini safi, ikiwa peke yake na gesi yake, kabla ya kuzungumzia mmea wowote.

Siku hiyo nilianza na gesi iliyogeuzwa kimiminika, na mstari wa uso wake ulikatiza katikati ya kidirisha. Nilipoipasha moto polepole hadi nyuzijoto 31, shinikizo likikaribia mara 73 ya lile la angahewa, mstari ule ulianza kufifia. Kila kitu kikawa na ukungu wa rangi ya kahawia, kama moshi unaopitiwa na jua la jioni; kisha ukungu ukaondoka na mstari nao ukawa haupo. Hapo si kimiminika tena wala si gesi ya kawaida: ni kitu kimoja kinachojaza chombo chote kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika. Mwanakemia Thomas Andrews aliieleza nukta hiyo, ambapo kimiminika na gesi huacha kutofautiana, mwaka 1869, kwa kabonidayoksaidi hii hii, na bado sidhani kama kusoma habari zake kunaweza kumwandaa mtu kuiona.

Nilipandisha hadi nyuzijoto 35 na shinikizo la takriban mara 100 ya angahewa. Fuwele nyeupe za kafeini, nyembamba kama sindano, zilipungua moja baada ya nyingine hadi chombo kikawa kitupu machoni. Nikaongeza joto, kwa kuwa nilidhani kiyeyushi kikipata joto huyeyusha zaidi. Pistoni ilirudi nyuma ili shinikizo lisibadilike, na kabla sijafika nyuzijoto 50, theluji ilianza kuanguka. Chembe ndogo mno, nyeupe, zilitokea mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na kitu. Zikazunguka katika mwanga wa taa, zikatua chini ya kidirisha.

Niliamini kwamba chombo kimechafuka. Nikaandika hivyo katika daftari, nikafungua vali, nikaiacha gesi yote iende.

Mwalimu alisoma ukurasa ule kimya, kisha akauliza jambo moja tu: "Uliipoza kabla ya kufungua?" Sikuwa nimeipoza. Akanionyesha hesabu ambayo ningeweza kuifanya mwenyewe: kwa shinikizo lile, lita moja ya kabonidayoksaidi huwa na gramu zipatazo 710 kwenye nyuzijoto 35, lakini kwenye nyuzijoto 50 hubaki na gramu 380 hivi. Joto huzipa molekuli za kafeini nguvu ya kuuacha ugumu wao, lakini papo hapo huzitawanya molekuli za gesi zinazopaswa kuzipokea. Karibu na nukta ile ya Andrews, kutawanyika huko ndiko kunakoshinda; shinikizo likiwa kubwa zaidi, gesi haipanuki sana, na joto huyeyusha kama tulivyozoea.

Kesho yake nilirudia kila hatua. Theluji ilianguka, nikapoza, nikasubiri, nayo ikatoweka tena mbele yangu, chembe baada ya chembe.

Binti yangu alisikiliza yote haya akiwa bado ameshika mtungi. "Kwa hiyo ile ya siku ya kwanza," akauliza, "labda kweli chombo kilikuwa kimechafuka?"

Naamini hakikuwa kimechafuka. Lakini gesi ile niliiacha iende, na mstari nilioandika bado umo katika daftari, sijaufuta.