Kijana Hajambo?

Neno la wiki: 2 Samweli 18:19–33

Bwana asifiwe, wapendwa.

Daudi ameketi kati ya malango mawili, na mlinzi amepanda juu ya dari la lango anatazama njia. Anatokea mtu mmoja mbio, kisha wa pili. Vita vimekwisha na jeshi la mfalme limeshinda. Mjumbe wa kwanza anaanza na hilo. Mfalme hana haja nalo. Wote wawili anawauliza jambo lile lile juu ya mwanawe aliyemwasi: kijana Absalomu hajambo?

Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, na kuishika Bukavu Februari 16, hili ndilo swali la waliosoma pamoja kwenye vyuo vya Kivu: ULPGL, UNIGOM, ISP Bukavu na vingine. Watu wa promosheni moja, yaani waliosoma darasa moja chuoni, leo wametapakaa: Goma, Kinshasa, Kampala, Bujumbura, Nairobi, mpaka Ulaya. Redio inatoa habari za mji. Anayetafutwa ni mtu.

Mstari wa 20 husomwa haraka mno. Yoabu, mkuu wa jeshi la Daudi, alikwisha kumwambia Ahimaasi, yule mjumbe wa kwanza, kwamba mwana wa mfalme amekufa. Kwa hiyo Ahimaasi alijua. Alipofika mbele ya Daudi akasema ameona kishindo kikubwa tu, hakuelewa ni nini. Alimtangulia Mkushi, mjumbe wa pili, kwa kupita njia ya Bonde, akafika wa kwanza, na mkononi hana kitu. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp Ahimaasi ni wengi. "Inasemekana kule Ndosho hali ni mbaya." Nani kasema? Kaona nani, saa ngapi? Mama aliye na mwanawe Ndosho, mtaa huo wa Goma, hupitisha usiku mzima na sentensi kama hiyo.

Ndiyo maana kila promosheni inahitaji daftari, la karatasi kabisa, likae kwa mtu mmoja aliye nje ya eneo la vita, na wa pili awe na nakala. Kwa kila mwenzetu andika majina yote matatu, kwa sababu aliyeitwa Mama Grâce kwenye kundi hatafutiki kwa jina hilo popote. Andika nani alizungumza naye kwa mara ya mwisho, tarehe na saa, na saa ya wapi: Goma wako saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam, na siku ya mapigano saa moja ni kitu kikubwa. Kisha andika habari imepatikanaje. "Nimesikia sauti yake" haifanani na "shemeji yake ameambiwa". Kama hakuna anayejua, andika "hatujui" na uache hivyo hivyo. Wengi huona aibu kuandika neno hilo, wakajaza "nadhani yuko salama". Hapo ndipo kutafuta kunapokoma.

Tiki moja ya WhatsApp imewaliza watu bure. Maana yake ujumbe haujafika kwenye simu, basi. Goma ilipovamiwa umeme, maji na intaneti vilikatika, na simu ikizimika hakuna pa kuichaji. Mwingine amevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, laini yake ya +243 haishiki mtandao, amenunua ya +250 na bado hajampa mtu namba. Waliotoka Bukavu na Uvira wakavuka mto Rusizi kuingia Cibitoke, Burundi, wako kwenye +257. Tuma SMS ya kawaida pia. Mara nyingi hupenya mahali data imekwama, nayo humsubiri kwa muda mwenye simu iliyozimwa. Iwe fupi, ijibike kwa maneno mawili: "Uko wapi? Watoto wangapi uko nao?"

Watoto tuwaulize mmoja mmoja. "Familia salama" ni jibu la Ahimaasi. Muulize mwenzako: usiku huu ndani ya nyumba mpo wangapi? Nani hayupo? Hapo ndipo utasikia kwamba mkubwa alikwenda na shangazi yake upande wa Minova, au bibi alikataa kuondoka. Kwa ambao hawajahama, wakumbushe jambo dogo: kila mtoto awe na karatasi iliyoshonewa ndani ya nguo, yenye jina lake, la baba, la mama na namba mbili za simu, moja ya ndugu aliye mbali na vita. Iandikwe kwa penseli, ifungwe kwenye nailoni. Wino wa kalamu ukilowa mtoni unaweza usisomeke tena.

Aliyepotea kabisa hutafutwa kupitia Msalaba Mwekundu, na huduma hiyo hailipiwi. Huuliza majina kamili, ya baba na mama, mwaka na mahali pa kuzaliwa, alionekana wapi mara ya mwisho na katika hali gani. Kwa kawaida anayefungua ombi ni ndugu wa familia, hivyo kazi ya wanapromosheni ni kumsindikiza mama au mke wake, wakiwa na zile kurasa za daftari. Upo pia ujumbe wa Msalaba Mwekundu, barua isiyofungwa inayobebwa kwa mkono mpaka kambini au gerezani. Ndani huandikwa habari za familia tu. Ukichomeka siasa au habari za majeshi haitafikishwa, maana husomwa kabla ya kupelekwa.

Na pesa. Michango hukusanywa kwa upendo ikapotea kwa haraka. Namba ikiibiwa, mwizi huandika kwa jina la mwenzenu: "Nisaidieni, tunakimbia." Kabla ya kutuma, muulize jambo ambalo ni wa darasa lenu tu anayelijua: CP wetu, kiongozi wa darasa, wa mwaka wa kwanza alikuwa nani? Kisha soma jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kubalianeni kama anataka dola au franka, kwa kuwa hizo ni akaunti mbili. Benki za Goma zilifungwa, noti zikaadimika, na wakala mwenye noti hukata zaidi ya kawaida. Kwa hiyo muulize kwanza kama wakala wa karibu analipa, ongeza ya kutolea, na utume kidogo kidogo. Aliyekwisha kuvuka mpaka usimtumie kwenye laini ya Kongo. Itakaa humo, na yeye ana njaa.

Sasa Mkushi. Huyu alisema kweli, lakini aliisema vipi? Adui za mfalme wote na wawe kama kijana yule. Ilikuwa kweli iliyovikwa ushindi, ikamwagwa mbele ya baba wa marehemu. Mfalme akapanda chumba cha juu ya lango, analia huku anatembea. Msiba usianzie kwenye kundi. Apigiwe kwanza mwenzi wake au mzazi, kwa sauti, na mtu mmoja aliyechaguliwa, na awepo wa kukaa naye pale alipo. Picha ya maiti isitumwe kabisa. Mjane asijue kwa kuona "RIP" zimepangana hamsini. Na katika kutangaza, risasi ilitoka upande gani tuliache. Promosheni moja ina watoto wa kila kabila la Kivu, na baadhi yao wana ndugu kwenye majeshi yanayopigana.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye kundi tusiandike kabila la mtu, wala mtaa aliojificha, wala kwamba mumewe ni askari. Simu inaweza kukaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani, nayo ina mazungumzo ya wote. Washeni ujumbe unaojifuta. Saa 24 zinatosha. Ya kudumu yamo daftarini.

Juma hili tuombe daftari likiwa wazi. Tusiombe "uwakumbuke wote walioko vitani", tusome majina, na wale wa "hatujui" tuwasome polepole.

Bwana, wewe unamjua aliyelala leo kwenye darasa la shule na watoto wanne badala ya watano. Unajua huyo wa tano yuko mkononi mwa nani. Mfunike. Mpe aliyemshika mkono moyo wa kumuuliza jina la mama yake, na utupe sisi kupokea simu ya namba tusiyoijua, hata saa nane za usiku. Amina.