Sare sahihi, saa ya uongo

Filamu za vita za siku hizi ukizikagua vifungo, beji na viatu, mara nyingi hukosi cha kusifu. Hata kifaru cha bandia nakisamehe. Tiger I halisi inayotembea, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, iko makumbusho ya Bovington, Uingereza, na ndiyo iliyoigiza katika Fury (2014). Wengine huichukua T-34 ya Kisovieti wakaivisha mabati. Utaijua kwa magurudumu: ya T-34 ni makubwa 5 kila upande, yamepangana, ya Tiger yamelaliana.

Kunakoharibika ni kwenye saa.

AK-47 hupiga kama risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde. Magazini ni ya 30. Ukikaza kidole, sekunde 3 tu imekauka. MG42, bunduki ya rashasha ya Wajerumani, ilikuwa mlafi zaidi: 1,200 kwa dakika, hivyo mkanda wa risasi 50 haumalizi hata sekunde 3. Ndiyo maana mpigaji alifyatua kidogokidogo, akiwa na wenzake wa kumbebea mikanda na mitutu ya akiba, kwani mtutu ukichemka sharti ubadilishwe. Kwenye sinema yuko peke yake, ananguruma, na mkanda hauishi. M1 Garand nayo, ile bunduki ya Wamarekani ambayo kibanio chake cha risasi huruka kwa mlio wa "ping", hubeba risasi 8. Hesabu mwenyewe kabla haijalia.

Sauti ndiyo mbaya zaidi. Husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Bomu likilipuka kilomita 1 kutoka ulipo, unaona moshi, na karibu sekunde 3 baadaye ndipo kishindo kinafika. Risasi ya bunduki nyingi za vita hutoka mtutuni kwa mita 800 hivi kwa sekunde. Aliyelengwa kutoka mita 400 huanguka kabla wenzake hawajaisikia bunduki. Kwanza wanasikia mlio mkavu kama wa mjeledi, hewa ikipasuliwa juu ya vichwa vyao, kisha ndipo mshindo kutoka mbali. Mhariri huvibandika vyote pamoja, maana mtazamaji angedhani filamu imeharibika. Hapo namwelewa.

Nisichokisamehe ni guruneti. Ule mpira wa moto ni petroli. Guruneti la kweli hutoa mmweko wa kufumba na kufumbua, vumbi na moshi wa kijivu. Kinachoua ni vipande vya chuma. Halafu ile pini ya kung'oa kwa meno! Ncha zake zimepanuliwa makusudi isichomoke ovyo, jino litatangulia. Na pini ikitoka, utambi bado haujawaka. Ukiendelea kuubana wenzo, ule mkono wa chuma ubavuni mwake, kiganjani, hakuna kinachotokea. Kwa M67 ya Marekani, sekunde 4 hadi 5 huanza kuhesabiwa pale wenzo unaporuka.