Sabuni ya Unguja kwenda Mombasa: ushuru sifuri una masharti yake

Likitajwa soko la Afrika Mashariki hapa Zanzibar, mazungumzo huishia kwenye ushuru. Baina yetu na Kenya ushuru wa forodha ulishakwisha. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005, na kwa miaka mitano baadhi ya bidhaa za Kenya ziliingia Tanzania kwa ushuru uliokuwa ukipunguzwa kila mwaka, mpaka 2010 ukafika sifuri. Haki hiyohiyo anayo anayepika sabuni ya mwani Makunduchi au ya karafuu Wete. Sabuni za viwanda vya Kenya zinafika Darajani, zetu haziendi kwao, na mimi naona sababu kubwa zimo jikoni na kwenye daftari.

Tuanze na daftari. Sifuri hiyo ni ya bidhaa yenye uasili wa Afrika Mashariki tu, yaani inayohesabiwa kuwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya, na uasili unathibitishwa kwa cheti. Kanuni za uasili za Jumuiya za 2015 zinazipa bidhaa nyingi njia mbili: malighafi ya nje igeuke kitu chenye namba nyingine ya forodha, zile tarakimu nne za mwanzo, au thamani ya malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa inapotoka kiwandani. Usome mstari wa bidhaa yako kabla ya kuanza.

Anayepika mwenyewe hana wasiwasi. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ina namba 2815, mafuta ya nazi 1513, mawese 1511, na sabuni inatoka na 3401. Hata kama kostiki na mawese vimetoka ng'ambo, namba imebadilika. Taabu ni ya anayenunua chembe za sabuni zilizokwisha kupikwa, zile za magunia, akaziyeyusha na kutia rangi na manukato. Chembe hizo nazo ni 3401, kwa hiyo njia ya kwanza imefungwa. Tuseme vipande elfu moja vinauzwa kiwandani kwa shilingi 1,500,000, na chembe, manukato na karatasi, vyote kutoka ng'ambo, vimegharimu 1,150,000. Hiyo ni karibu asilimia 77, umeanguka. Na anayeleta mafuta kwa mapipa akayatia kwenye chupa za Zanzibar hana hoja kabisa, maana kujaza, kuchanganya tu na kubandika lebo havitoi uasili.

Risiti ndizo zinazosema. Mawese ya Kigoma yanahesabiwa ya ndani, ya Uganda nayo yanahesabiwa kama yana cheti chake. Ukinunua kwa mchuuzi bila risiti, mbele ya afisa mafuta hayo hayana kwao, na atayaweka upande wa nje. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 upo utaratibu rahisi wa cheti cha kurahisishwa kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wafanyabiashara wetu wengi wadogo hawautumii, nao uliwekwa kwa ajili yao.

Sasa jikoni, na huku ndiko mzigo mwingi unakofia. Chukua mafuta kilo 10: nazi 6, mawese 4. Kila gramu ya nazi inataka kostiki gramu 0.183, na ya mawese 0.142. Jumla ni gramu 1,098 na 568, yaani 1,666. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki, unapata kama 1,583, na maji kilo 3 na robo hivi. Kostiki inatiwa kwenye maji. Ukiyatia maji juu ya kostiki yatakurukia. Hesabu hii ni ya kostiki safi na kavu. Kwa hewa yetu ya pwani, gunia lililoachwa wazi linavuta unyevu, na baada ya wiki chache unapima maji ukidhani unapima kostiki. Sabuni inatoka laini, yenye mafuta juu, na baadaye madoa ya kahawia na harufu ya kuvunda. Watu hulaumu nazi. Gawa gunia kwenye ndoo ndogo zenye mfuniko wa kukaza siku unayolifungua.

Karafuu ina ukorofi wake: mafuta yake yanagandisha sabuni ghafla, ukashindwa hata kuimimina kwenye fremu. Yatie mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa, na kwa kilo 10 gramu 50 zinatosha. Zikizidi sana zinachoma ngozi. Unga wa mwani usagwe laini na uchekechwe, la sivyo sabuni inakwaruza. Karafuu yenyewe, kwa sheria, mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa hiyo mwenye kikundi cha sabuni hanunui pishi shambani akakamua. Ananunua mafuta yaliyokwisha kukamuliwa, na risiti yake.

Halafu uzito. Sabuni iliyokatwa leo ikiwa gramu 100 itapoteza maji, na baada ya wiki tano au sita inaweza kuwa 90 au chini ya hapo. Lebo inasema 100, mkaguzi wa Mombasa ana mizani, na shehena nzima inazuiwa. Kata kwa gramu 115, iache iive wiki sita kwenye rafu zinazopitisha hewa, pima vipande ishirini vya kila mpiko, ndipo uchapishe lebo. Masika ongeza muda, kwa sababu glisirini inavuta unyevu na sabuni inatoka jasho ndani ya karatasi. Namba ya mpiko iwe juu ya kila kipande, ili likitokea lalamiko usirudishe mzigo wote.

Vibali ni foleni ya peke yake. Hapa vipodozi, sabuni ikiwemo, viko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa, na alama ya ubora ni ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar. Bara, tangu 2019, vipodozi viko TBS, shirika la viwango la huko. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya 2006 inataka alama za ubora zitambuliane baina ya nchi wanachama, lakini mwenye duka kubwa huomba ripoti ya maabara hata hivyo. Ipate kabla ya kutafuta mnunuzi.

Umeme, kwa sabuni ya baridi isiyochemshwa, si kikwazo kikubwa. Kwa wasagaji wa mwani na wakamuaji wa nazi ni jambo jengine; Unguja inategemea waya wa chini ya bahari kutoka bara, na aliyefanya kazi hapa kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa bila umeme huo, anajua maana yake.

Kinachobaki ni wingi. Mnunuzi wa Mombasa akipenda sampuli ataomba katoni mia kila mwezi, zenye rangi na harufu moja. Kikundi kimoja hakiziwezi. Vikundi vitano vyenye fomula moja, kostiki iliyonunuliwa pamoja na mizani ya aina moja vinaziweza, lakini sharti mtu mmoja awe na mamlaka ya kukataa mpiko wa mwenzake.